Mgonjwa wenu yuko ICU? Soma hii kabla hamjaingia na simu zenu

Hii naandika kwa ajili ya yule mtu ambaye sasa ivi amekaa kwenye benchi nje ya ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, iwe Mtwara mjini iwe Lindi, mgonjwa wake yuko ndani kwenye mashine, na simu haikati maana ukoo mzima uko njiani, wengine wametoka Newala na gari la alfajiri, wengine Tandahimba, na kila mmoja anataka aingie amshike mgonjwa mkono ampe pole. Mi sio daktari wala nesi, nauza makava na chaja za simu mjini. Ila nilimuuguza bamkubwa wangu ICU siku 19, hospitali siitaji, na kati ya vitu vilivyokaribia kumuondoa kimoja ni vijidudu sugu, wale bakteria ambao dawa za kawaida zinapita tu kama maji. Niliyoyajua niliyajua kwa kuuliza uliza, kwa kugombezwa na masista na kwa kukosea, na kosa kubwa kuliko yote lilikuwa langu mwenyewe, nitalisema hapo chini.

Kwanza mjue mdudu mwenyewe

Huku mtaani tunapenda kusema "mwili wake umeshazoea dawa". Sio kweli. Mwili hauzoei antibayotiki (dawa za kuua bakteria), anayezoea ni mdudu. Bakteria akipata sehemu nzuri anaweza kujigawa kila dakika 20, mmoja wawili, wawili wanne, hesabu we mwenyewe mpaka asubuhi wako wangapi, na katika umati ule hakosekani mmoja aliyezaliwa na hitilafu inayomfaa: labda anatengeneza kitu cha kuikatakata dawa, labda ana kama pampu dawa ikiingia anaitema nje, labda pale dawa inapomshikia kapabadilisha. Ukimwaga dawa wenzake wote wanakufa, yeye anabaki na nyumba nzima peke yake. Halafu wanagawiana, yaani bakteria wa aina moja anaweza kumpa wa aina nyingine kabisa kile kipande cha maelekezo ya usugu, kama vijana wanavyorushiana nyimbo kwa blutuzi.

Sio jambo la jana. Yule Alexander Fleming aliyegundua penisilini London mwaka 1928, alipokwenda kupokea Nobeli yake 1945 alilisema hili kabisa, akatoa na mfano wa mtu anayeumwa koo anajinunulia penisilini, anatumia kidogo isiyotosha kuwaua wadudu ila inatosha kuwafundisha, anamwambukiza mkewe, mke anakufa kwa sababu dawa haimuwezi tena mdudu. 1945 hiyo, duka la dawa la mtaani kwenu lilikuwa halijajengwa.

Sasa kwa nini ICU hasa? Kwa sababu pale yamekutana mambo yote. Mgonjwa hana nguvu, amewekewa mipira, mmoja kooni wa kupumulia, mmoja wa mkojo, mmoja puani wa chakula, kanula kwenye mshipa, na kila mpira ni njia mdudu anapita bila kubisha hodi. Antibayotiki zinatumika nyingi na kali, kwahiyo wadudu dhaifu wameshakufa zamani, waliobaki ni wale wababe. Na mikono ya watu inatoka kitanda hiki inaenda kile siku nzima. Majina mtakayoyasikia zaidi ni Klebsiella, Acinetobacter, Pseudomonas, na yule wa kwenye ngozi na pua anaitwa MRSA. Klebsiella kwa mfano anaweza kukaa tumboni kwa mtu mzima wa afya wala asimfanye kitu, shida ni pale anapopata mpira wa kumfikisha kwenye mapafu au damu. Acinetobacter yeye anaweza kukaa sehemu kavu, kwenye chuma cha kitanda, kwenye vitufe vya mashine, wiki kadhaa mpaka miezi bado mzima anasubiri mkono upite.

Kuna hesabu iliyofanywa ya dunia nzima kwa mwaka 2019, ikapata watu kama milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na mzigo mzito zaidi ukawa kwetu Afrika kusini mwa Sahara. Basi tukiambiwa tunawe mikono tusione tunanyanyaswa.

Kitu cha kwanza kabisa: semeni ukweli wa dawa alizokunywa

Hapa ndo kosa langu. Bamkubwa alianza na kikohozi na homa nyumbani. Siku ya kwanza tukampa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kabatini. Haijashuka, nikaenda dukani nikachukua azuma ambayo ni antibayotiki, siku mbili, nikaona haifanyi kazi, jirani akasema kwake sipro ndo ilimsaidia, tukahamia sipro, antibayotiki nyingine, vidonge vinne tu maana hela ilikuwa hiyo. Tunafika hospitali anahema kwa shida, dokta ananiuliza "ametumia dawa gani nyumbani?" nikajibu "panado tu dokta". Niliogopa kugombezwa. Kwahiyo dokta akaanza na dawa aliyoona inafaa kwa mtu ambaye hajagusa antibayotiki, na siku nne zikapita homa iko pale pale.

We usifanye hivo. Fanya hivi: mtume mtu nyumbani achukue kila pakiti, kila boksi, hata karatasi tupu ya vidonge iliyotupwa uvunguni, weka zote kwenye mfuko, mpe dokta. Kama huna pakiti andika kwenye karatasi: dawa gani, ilianza siku gani, alikunywa ngapi, nani alimpa. Ongeza kama alilazwa sehemu nyingine miezi ya karibuni, kama alifanyiwa operesheni, kama alitibiwa nje ya nchi, kama ana kidonda cha siku nyingi. Na mitishamba pia sema, hakuna atakayekucheka, na akikucheka mwache acheke.

Hapo hapo niseme kitu maana kinaniuma. WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017 walizigawa antibayotiki makundi matatu: zile za kuanzia, zile za kutumia kwa uangalifu maana wadudu wanazizoea haraka, na zile za akiba za mwisho kabisa. Amoksilini iko kundi la kwanza. Azuma na sipro, hizi tunazonunua kama pipi, ziko kundi la pili pamoja na ile sindano ya seftriaksoni na meropenemu yenyewe ya ICU. Halafu mtu anaenda dukani anasema "nipe azuma ya mafua", mafua ni virusi, antibayotiki yoyote haivigusi virusi, umelipa hela yako kuwafundisha tu wadudu wa tumboni kwako. Serikali wameshaimba sana kwenye ile kampeni ya Holela Holela Itakukosti, mi nilikuwa naisikia redioni nabadilisha stesheni.

Pangeni watu, na hapa ndo pagumu

Kwetu kusini mgonjwa sio wa nyumba moja. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao mjomba ana sauti, huwezi kumwambia mjomba abaki nje ukafikiri yameisha. Lakini ICU kila mwili unaoingia ni mikono miwili zaidi na simu moja zaidi. Sisi siku mbili za kwanza waliingia watu 14 kwa zamu, nilihesabu baadaye nikaona aibu.

Kilichotusaidia ni kuchagua watu wawili tu wa kuingia, mmoja asubuhi mmoja jioni, na wale wale kila siku ili wajue utaratibu. Wengine wote wanapewa habari kwenye grupu la ukoo, ujumbe mmoja baada ya kila zamu, "ameamka, amefungua macho, homa imeshuka kidogo". Watu hawahitaji kuingia, wanahitaji kujua, ukiwanyima habari ndo wanapanda gari. Kwa mjomba nilikaa naye chini kabisa, nikamwambia "Shkamoo mjomba. Dokta anasema vidonda vya ndani vya baba vinaingia wadudu kwa mikono yetu sisi tunaompenda. Naomba wewe ndo uwe msemaji, uwazuie wengine hapa nje, mi wananiona mtoto." Mzee akachukua kiti akakaa mlangoni, siku ile hakupita mtu. Ukimpa mkubwa kazi yenye heshima hatajiona kafukuzwa.

Mwenye mafua, mwenye kuharisha, mwenye jipu au kidonda mkononi, asiingie kabisa. Watoto wadogo hapana.

Na kuna adabu yetu moja inabidi muiache mlangoni. Huku ukiingia wodini unasalimia kila kitanda, unampa mkono mgonjwa wa jirani, unamuuliza hali, ukipita kimya unaonekana una kiburi. ICU salimia kwa kuinua mkono ukiwa mbali, basi. Ukimgusa yule wa kitanda cha tatu kisha ukaja kwa wako umekuwa bodaboda wa wadudu.

Mikono

Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu nifute vingine vyote ningechagua hiki. Watu wanahangaika na ndala za ICU, wanabadilisha viatu kwa makini utadhani wanaingia msikitini, halafu mikono hawajaigusa. Viatu badilisha maana ndo utaratibu, lakini mgonjwa hashikwi kwa miguu.

Kabla ya kunawa vua pete, saa, bangili. Kucha fupi. Dada zangu mliobandika kucha za bandia naombeni mzitoe kipindi hiki, chini yake wadudu wanakaa na sabuni haifiki. Hina haina shida.

Kama mikono haina uchafu wa kuonekana tumia sanitaiza ya spiriti, chukua ya kujaa kiganja sio tone, sugua viganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, vidole gumba (hapa wengi tunaruka), ncha za vidole kwenye kiganja, sekunde 20 mpaka 30 mpaka ikauke yenyewe. Usiifutie kwenye kanga. Kama mikono ina uchafu, jasho la vumbi la safari, mafuta, damu, basi sabuni na maji yanayotiririka, jumla sekunde 40 mpaka 60. Na kama mgonjwa wako anaharisha nawa kwa sabuni hata kama sanitaiza iko hapo, kwa sababu kuna bakteria wa kuharisha anaitwa Clostridioides difficile, mbegu zake spiriti haiziui, zinatakiwa zisuguliwe zioshwe ziondoke.

Maji yakikatika, na yanakatika, usikubali ile ya beseni moja watu watano wanachovya. Ndoo yenye koki, au mtu amwagie mwenzie kwa jagi kama tunavyonawishana kabla ya kula, hiyo ni sawa kabisa. Kaushia kwa tishu sio taulo moja la wote.

Lini unawa? Kabla ya kumgusa. Kabla ya kusaidia chochote kinachohusu mpira au kidonda. Ukishagusa mkojo, mate, usaha, damu. Ukishamgusa yeye. Na hii ya mwisho ndo inasahaulika, ukishagusa vitu vinavyomzunguka hata kama yeye hukumgusa, yaani chuma cha kitanda, shuka, kile kimeza. Manesi wanafundishwa hizi nyakati tano na we zinakuhusu.

Glovu zisikudanganye. Nimeona mtu kavaa glovu, kamsafisha mgonjwa, na glovu zile zile kajibu simu, kafungua mlango, karudi kurekebisha mpira. Glovu chafu ni mkono mchafu, tofauti yake wewe huhisi. Vaa kwa kazi moja, vua, tupa, nawa tena.

Usikae kitandani kwa mgonjwa, na pochi, mkoba, hotipoti, kibegi, hakuna kinachopanda kitandani.

Simu (hapa ni fani yangu)

Nafungua simu za watu kila siku nabadilisha vioo, naona kilichopo pembeni ya kava, sitaki kuwaharibia chakula. Simu inaenda nayo chooni, sokoni, kwenye daladala, inashikwa na mkono uliokula samaki. Halafu tunaingia nayo ICU tunaiweka juu ya mto wa mgonjwa imsomee Kurani au nyimbo za kwaya, au tunapiga video ili shangazi aliyeko Dar amwone, tunaisogeza mpaka usoni kwenye mpira wa kupumulia.

Sikatazi dua, mi mwenyewe bamkubwa nilimwekea Yasini. Ila iache simu nje kama unaweza. Kama ni lazima, toa kava kabisa, futa simu kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, mbele nyuma na pembeni, usimwagie moja kwa moja kwenye matundu ya chaja utaniletea mimi, iache ikauke, iweke ndani ya mfuko safi wa nailoni unaoona, ule wa kufungia karanga wa senti chache, sauti inapita na skrini inashikika. Ukitoka tupa mfuko. Na usiiweke kitandani, ishike mkononi, ukimaliza nawa. Chaja usiingie nayo, waya wa chaja unaburuzika kila mahali halafu mtu anachomoa plagi ya mashine apate sehemu, sitanii, nimeliona hilo.

Mipira yote, na kile kichwa cha kitanda

We mwenyewe usiguse mpira wowote kuurekebisha, mwite sista. Lakini macho yako yanaruhusiwa. Mfuko wa mkojo uwe chini kuliko kibofu ila usiguse sakafu, na asiunyanyue mtu juu ya kitanda wakati wa kumgeuza maana mkojo unarudi ndani na wadudu wake. Pale kanula ilipoingia pasiwe pekundu, pamevimba au pana usaha, plasta isiwe imelowa, ukiona mwambie sista siku hiyo hiyo.

Kichwa cha kitanda kwa mtu mwenye mashine ya kupumulia mara nyingi kinainuliwa nyuzi 30 mpaka 45. Ndugu wanaingia wanaona mzee shingo imekaa vibaya wanashusha kitanda alale vizuri. Usishushe. Akilala chali kabisa yale ya tumboni na mate yanatelemka mapafuni, na nimonia ya mashine inaanza hivyo, ile inayompata mtu akishakaa kwenye mashine zaidi ya saa 48. Kinywa chake pia kisafishwe kila siku, uliza kama wanaruhusu usaidie kumpiga mswaki, na uliza wanamgeuza saa ngapi, kugeuzwa kunazuia vidonda vya kulalia na kidonda kikishafunguka mgongoni kimekuwa mlango mwingine.

Swali ambalo nilifundishwa na sista mmoja wa zamu ya usiku, Mungu ambariki, ni hili: kila siku daktari akipita, uliza kwa upole "Dokta samahani, huu mpira wa mkojo bado anauhitaji?" Kila siku mpira unavyokaa hatari inaongezeka, na kwenye msongamano mpira unaweza kusahaulika ukakaa siku tatu za bure. Bamkubwa wake ulitolewa siku niliyouliza.

Maji ya kombe, zamzam, upako na uji

Hapa najua nitagombana na watu. Mgonjwa mwenye mpira kooni au aliye usingizini usimpe kitu mdomoni, hata kijiko kimoja, hata kama ni maji matakatifu kutoka Maka kwenyewe. Hayaendi tumboni, yanaenda kwenye mapafu. Kombe, yale maji yaliyooshea aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani, likikaa kwenye chupa ya soda tangu juzi lina wadudu kama maji mengine. Bibi yetu alikuja nalo kutoka Mikindani, nikamwomba, "Bibi, msomee hapa, kombe atakunywa akiamka", akakubali, akasoma kwa sauti yake ile. Mafuta ya upako paka kidogo kwenye paji la uso mbali na plasta na mipira, na nawa kwanza, mchungaji naye anawe.

Uji wa kupitisha kwenye mpira wa puani kama hospitali wanawaruhusu mlete wenyewe: uchemke, chombo kisafi chenye mfuniko, wa mlo mmoja tu, kwa joto la huku usikae nje zaidi ya masaa mawili, uliobaki mwaga. Usimwage kwenye sinki la kunawia mikono. Wala maji ya kumfutia mgonjwa usimwage humo. Pseudomonas anapenda sana mabomba na masinki yenye unyevu, ukimpelekea uji umempelekea pilau, atakaa humo na kila anayefungua koki anamrushia mikononi.

Kuongea na wauguzi bila kuwakera

Wamechoka, wako wachache, vitanda vingi. Ukimwambia "we sista hujanawa" umeshatengeneza adui. Mi nilikuwa na chupa ya sanitaiza nimeiweka miguuni mwa kitanda na kila anayekuja naisogeza kwake, "pole na kazi sista, karibu", yeye anachukua bila kufikiri. Hata madaktari wakubwa. Maneno mengi hayahitajiki.

Kingine cha kuuliza ni kuotesha. Homa ikiwa haishuki uliza "Dokta, damu au makohozi yake yameshapelekwa kuoteshwa?" Kuotesha maana yake wanachukua damu, mkojo, makohozi au usaha wanamlisha mdudu maabara akue, wamjue jina, kisha wanamjaribu na dawa mbalimbali. Vizuri sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki, ndo maana nasema uulize mapema. Majibu kwa kawaida siku mbili tatu, wadudu hawakui kwa haraka yetu. Kama maabara ya hapo haifanyi kipimo hicho uliza kinaweza kupelekwa wapi.

Karatasi ikija utaona majina ya dawa na pembeni herufi. S maana yake dawa bado inamuweza. R mdudu kashinda. I ni katikati, daktari anaweza kuitumia kwa kipimo kikubwa zaidi. Ya bamkubwa ilikuja Klebsiella, R kwenye seftriaksoni, R kwenye sipro (sipro yangu ile ya vidonge vinne, nikainama), S kwenye meropenemu na amikasini. Dokta alikuwa mpole tu, akaniuliza tena "una uhakika alikunywa panado peke yake?" Nikasema yote. Hakuna aliyeweza kujua kama mdudu yule alitoka naye nyumbani au alimkuta wodini, ila dawa ikabadilishwa jioni ile ile na siku ya tatu homa ikaanza kukatika.

Piga picha ile karatasi. Kabla haijachukuliwa, kabla haijapotea kwenye faili.

Na usiwe yule ndugu anayemshinikiza dokta "mpeni dawa kali zaidi". Dawa kali zaidi sio bora zaidi, bora ni ile inayomlenga mdudu aliyepo. Hata kupunguziwa dawa au kurudishwa kwenye ya kawaida majibu yakishatoka ni tiba nzuri, hawajamtelekeza. Kuna dawa kama kolistini zimewekwa akiba kwa sababu nyuma yake karibu hakuna kitu, na inaweza kuumiza figo.

Wakimtenga

Siku wakimhamishia kona au chumba cha peke yake, wakaanza kuvaa magauni na glovu kabla ya kumgusa, grupu la ukoo litawaka moto: kapata Ebola, kapata TB sugu, wanatuficha. Tulieni. Wanazuia mdudu asihamie kwa wagonjwa wengine. Wewe mwenye afya hatakudhuru kirahisi, ila unaweza kumbeba. Vaa gauni unaloambiwa, livue pale pale mlangoni kwa ndani, usitoke nalo kwenda kupokea chakula getini.

Na jua kuna kubeba na kuna kuumwa. Mtu anaweza kuoteshwa mdudu sugu kwenye ngozi au haja kubwa bila kuumwa naye, huyo hapewi antibayotiki za "kumsafisha" kienyeji, mtamwongezea usugu.

Mkirudi nyumbani

Anaweza kuendelea kumbeba mdudu tumboni miezi kadhaa, hata mwaka. Asitengewe sahani kama mkoma. Ale na wenzake, acheze na wajukuu, anawe tu vizuri baada ya choo na kabla ya kula, awe na taulo lake na wembe wake. Anayemsafisha kidonda anawe kabla na baada. Nguo sabuni ya kawaida na jua letu la Mtwara linatosha. Damu au usaha ukimwagika, Jik ile ya asilimia 3.5, kipimo kimoja cha Jik na sita vya maji, iache dakika 10 kisha futa, usiichanganye na dawa nyingine ya choo inatoa hewa mbaya, na usiipake kidondani jamani.

Dawa alizoandikiwa amalize kama alivyoandikiwa. Zikibaki kwa sababu daktari kazibadilisha, rudisheni famasi waulizeni wazitupeje, msiziweke kabatini. Kabati ndo lilituanzia sisi.

Akiumwa tena popote, hata zahanati ya kijijini, mwanzo kabisa sema "aliwahi kuoteshwa mdudu sugu" na toa picha. Mwezi wa saba bamkubwa alipata jipu pajani, tukaenda kituo cha karibu na kwao, daktari kijana alishaandika dawa kwenye cheti, nikamwonyesha picha kwenye simu, akaivuta vuta kwa vidole akasoma mstari kwa mstari, akachukua peni akakata ile aliyoandika, akasema kwanza tulipasue jipu tupeleke usaha maabara, dawa tutaongea kesho.